Juu ya Kuziba Nyufa

Swali ninalotaka kulitafakari hapa ni dogo kwa sura, lakini halikubali kufukuzwa. Mtu aliyepewa kitu kibovu akitengeneze anadaiwa nini? Je, anadaiwa kazi ya kitu tu, kwamba kilichosimama kiende na kilichovuja kisivuje. Au anadaiwa pia ukweli wa kitu hicho, kwamba mwenyewe ajue kwa nini kilisimama na kwa nini kilivuja? Waandishi wa maadili aghalabu huchukua mifano yao kwa wafalme, mahakimu na waganga. Mimi nitachukua mfano wangu chini ya gari kuukuu. Watu wengi hawapati kusimama mbele ya mfalme hata mara moja katika maisha yao, lakini mbele ya fundi husimama kila mara, na hapo hutendewa haki au hudhulumiwa bila shahidi.

Gari lenyewe na liwe Peugeot 404. Nalichagua kwa kuwa lina historia kwetu. Lilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960, na katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki lilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Na mshindi wa 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa mkazi wa Dar es Salaam. Basi tuseme kuna mzee mmoja mstaafu, mkazi wa Capri Point mjini Mwanza, aliyelihifadhi gari la namna hiyo kwa miaka mingi. Halimletei fedha, kila mwaka humla fedha. Analo kwa sababu ambazo mwenye kitu cha kale huzijua, na asiyekuwa nacho huziita ukaidi.

Adui wa kwanza wa bomba la moshi la gari kama hilo ni kutu, na kutu hiyo huanzia ndani. Wengi hudhani kwamba bomba huliwa na tope la barabarani. Tope lina sehemu yake, lakini petroli yenyewe ikiungua huzaa maji, na lita moja ya petroli hutoa mvuke ambao ukipoa huwa karibu lita moja ya maji. Gari linalokwenda Shinyanga au Musoma hulipasha bomba lake moto hata maji yakakauka. Gari la mzee wetu, ambalo hushuka kutoka Capri Point hadi sokoni na kupanda tena, hulala na maji tumboni. Baada ya kubadilisha bomba mara tatu mzee alichoka, akatengenezewa bomba la chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi. Akafurahi, akadhani mambo ya bomba yamekwisha maishani mwake.

Furaha hiyo ilikuwa na kasoro moja. Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromi, angalau sehemu kumi na nusu katika mia. Na kile kinachotumika zaidi kina kromi 18 na nikeli 8 katika kila mia. Mmojawapo wa waliokivumbua, Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikifikia mwaka 1913 alipokuwa akitafuta chuma cha kufanyia mitutu ya bunduki. Kromi ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Lakini kutoshika kutu si kutochoka. Bomba la stenlesi lenye urefu wa mita moja, joto lake likipanda kwa nyuzi 500, hurefuka karibu milimita 9, hali chuma cha kawaida hurefuka karibu milimita 7. Tena joto halitembei upesi ndani yake, hata mahali pamoja huwaka na jirani yake pakabaki na ubaridi. Lifunge bomba hilo ncha zote mbili lisipate nafasi ya kunyooka, litikise kwa injini iliyolegea, lipashe moto na kulipoza mara elfu kadhaa: litapasuka, nalo likingali linang'aa. Kutu huonya kwa rangi yake. Uchovu wa chuma hauna rangi.

Siku ya siku gari huamka likinguruma, na mzee hulipeleka kwa fundi akasema, "Fundi, nizibie ufa huu." Hapo kila mtu aliyepo atakumbuka kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Naiheshimu methali hiyo, ila ilitungwa na watu wa kuta za udongo. Ufa wa udongo ukijazwa udongo shauri limekwisha, maana ukuta umesimama pale pale na hakuna anayeutikisa. Ufa wa chuma una ncha, na ncha hiyo huendelea kutembea chini ya kiraka. Anayeziba bila kuitafuta ncha amemvisha msafiri kanzu; hakumzuia safari.

Kazi njema huanza kwa kutazama. Bomba likishafunguliwa na kusuguliwa, fundi hulipaka chokaa upande wa nje, kisha akapitisha mafuta ya taa upande wa ndani. Mafuta hupenya mahali ambapo jicho halifiki, na mstari wa unyevu hujiandika juu ya weupe wa chokaa. Mara nyingi mstari huo ni mrefu kuliko ufa aliouonyesha mwenye gari. Katika kila mwisho wake fundi hutoboa kwa keekee tundu dogo la milimita 3 hivi, ili ufa ukifika hapo ukose ncha kali ya kuendelea nayo. Asiyejua hushtuka: nimekuletea bomba lililopasuka, nawe unalitoboa! Kisha ufa huchimbwa mfereji kwa tupa, ukasuguliwa kwa burashi ambayo haijapata kugusa chuma cha kawaida, kwa maana chembe za chuma hicho zikibaki juu ya stenlesi zitashika kutu na kulipa bomba jina baya. Ikiwa kazi itafanywa bomba likiwa garini, nyaya za betri huondolewa kwanza.

Halafu moto. Gesi ya agoni hufunika mshono kwa nje, nayo hujazwa ndani ya bomba pia. Fundi asiyejaza gesi ndani hupata mshono mzuri machoni pa mwenye gari, na upande wa ndani hupata mabonge meusi kama sukari iliyoungulia sufuriani, mahali pa ufa mpya kuanzia. Tena asikawie na moto wake. Chuma hiki, hasa kama kaboni yake ni nyingi, kikikaa muda mrefu katika joto la baina ya nyuzi 450 na 850 hivi, kaboni hujinyakulia kromi mipakani mwa chembe zake, na ukanda ulio kando ya mshono hupoteza ule utando wa kujifunika. Hivyo dawa yenyewe huweza kuzaa ugonjwa pembeni mwa kidonda. Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu swali letu la maadili limo ndani yake. Karibu kila hatua ya kazi hii hufanyika mahali ambapo mwenye gari haoni, na akiona hatambui.

Maarifa hayo hayako mbali na Mwanza. Makoroboi, katikati ya mji, pamepewa jina la zile taa ndogo za mafuta zilizoundwa na mafundi wa pale kwa mabati na makopo yaliyotupwa. Hao ni mabingwa wa chuma chepesi. Ama stenlesi, ilipata kazi nyingi mjini kwa sababu ya samaki. Viwanda vya minofu ya sangara vilipostawi katika miaka ya 1990, na Ulaya ilipokataa kupokea samaki wa Ziwa Viktoria nyakati mbalimbali baina ya 1997 na 1999, usafi ukawa sharti la riziki, na stenlesi ndiyo chuma cha meza na matangi ya viwanda vya namna hiyo. Meza hizo zinataka washonaji.

Sasa tazama jambo la ajabu. Kiwandani mshono wa meza lazima usagwe hadi ulingane na meza yenyewe, kwa sababu pakibaki kifuko kidogo kama ukucha, uchafu wa samaki hujificha humo ukaoza. Kule mshono usioonekana ndio mshono mwaminifu. Chini ya gari mambo hugeuka. Mshono wa bomba ukisagwa hadi usionekane, chuma kilichoongezwa pale huondolewa tena, na mahali palipokuwa na udhaifu pakawa na wembamba. Anayefanya hivyo hufanya kwa ajili ya macho. Mkono ni ule ule, chuma kile kile, na mji ule ule. Tendo moja ni uaminifu huku na hadaa huko. Kwa hiyo wale wanaotufundisha kwamba uaminifu ni kutoficha kitu wamesema nusu. Lazima kwanza tuulize kitu chenyewe kinafanya kazi gani, na ni nani atakayedhurika kikisema uongo.

Na bomba la moshi linaweza kusema uongo wa kuua. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Bomba linapopasuka mbele ya sakafu ya gari kuukuu, sakafu ambayo haikosi matundu, gesi hiyo hupanda ndani. Neema iliyopo ni kelele. Ufa hunguruma, watu wakageuka kutazama, mzee akaona haya akaenda kwa fundi. Kelele ni ulimi wa ufa. Sasa fundi wa haraka hukata kopo la maziwa, akalikunja juu ya ufa, akalifunga kwa waya na kulizungushia kitambaa kisichoungua. Kelele hufa. Moshi haukufa, umepunguzwa tu, nao unatafuta njia. Mzee humlipa, akamshukuru, na Jumamosi akamchukua mjukuu wake kwenda Musoma. Karibu na Magu mvua ikanyesha, wakafunga vioo. Mtoto akalala kwenye kiti cha nyuma, na babu akafurahi kwamba safari haikumchosha kwa ulalamishi.

Kabla ya fundi huyo kufika, gari lilikuwa bovu lakini lilikuwa likisema. Baada yake ni bovu na ni bubu. Ndiyo maana siwezi kukubali usemi kwamba matengenezo mabaya ni afadhali kuliko kutokutengeneza. Aliyeondoa dalili akaacha ugonjwa amemnyang'anya mwenzake ushahidi aliokuwa nao, na akapokea ujira kwa unyang'anyi huo. Huenda hakujua. Lakini swali la kwanza la kazi yake lilikuwa kujua.

Ziwa letu lina mfano mzito zaidi, nami nautaja kwa adabu kwa kuwa wenye msiba wangali nasi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza. Ilielea kwa muda chini juu, na ndani yake walikuwamo watu hai. Waokoaji walitoboa tumbo la meli ili wawatoe. Hewa iliyonaswa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiishikilia meli juu ya maji, ikatoka kwa tundu hilo, na meli ikazama. Mamia ya watu walipotea katika ajali hiyo. Simhukumu aliyeshika chombo cha kukatia. Nani angesimama juu ya chuma kile, akijua kuna binadamu chini ya nyayo zake, asikate? Ninalosema ni kwamba huruma haikumfundisha mtu yeyote chuma kile kilikuwa kimeshikilia nini. Tundu la keekee katika bomba la mzee huzuia ufa kwa sababu aliyelitoboa anajua ncha iko wapi na nguvu inatoka upande gani. Tundu la MV Bukoba lilitobolewa kwa moyo mwema kuliko huo mara elfu. Nia njema ni sharti la fundi, ila haimtoshi, na anayejisifu kwa nia yake tu hajafika karakana.

Turudi chini ya gari. Fundi wetu amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa. Ameuona ufa. Ameona pia kwamba mipira inayobeba injini imekwisha, hata injini inacheza. Na kwamba kishikio cha bomba kimekazwa chuma kwa chuma, bila mpira wa kulipa bomba nafasi. Huko ndiko ufa ulikotoka. Lakini ameagizwa ufa, na bei imepatanwa ya ufa. Wako watakaosema akaze midomo: mapatano ni mapatano, na gari si lake. Hoja hiyo haina upuuzi. Mtu akimwita seremala atengeneze mlango hataki kuhutubiwa juu ya paa. Tena yako mazoea mabaya ambayo yamekwisha kuuharibu ukweli wenyewe: fundi akisema mipira imekwisha, mwenye gari husikia, "Ongeza fedha." Amekwisha kudanganywa na wengine kabla ya huyu, hata neno la kweli limevaa nguo za tamaa na halitambuliki.

Kwa hiyo naona fundi anadaiwa zaidi ya kusema. Anadaiwa kuonyesha. "Mzee, samahani, hebu inama kidogo. Natikisa injini; tazama bomba linavyovutwa." Mzee akiinama, pamoja na magoti yake mabovu, ataona kwa macho yake jambo ambalo maneno mia yasingemthibitishia. Kadhalika ile desturi ya mafundi waungwana ya kumrudishia mtu kipuri kibovu kilichotolewa, kimefungwa katika gazeti, ni desturi ya adabu kubwa. Kipuri kile hakina thamani tena, na mwenye gari pengine atakitupa njiani. Lakini amekishika mkononi. Baada ya hapo, mzee akisema, "Nimeona, ila mwezi huu sina fedha ya mipira," uamuzi ni wake na ni uamuzi wa mtu huru. Fundi amshonee ufa kwa uzuri wote, amwambie kwamba mshono hautadumu, na asiumie moyoni. Jambo moja tu halimo katika uhuru wa mzee, nalo ni kuagiza ukimya. Akisema, "Usinishonee, nitulizie kelele tu," fundi ana haki ya kuweka chini vyombo vyake, kwa sababu mtoto wa kiti cha nyuma hakushirikishwa katika mapatano hayo.

Mfano ulio mgumu kuliko huo ni wa mzee anayetaka kuliuza gari. Mnunuzi amepatikana, pengine mpenzi wa magari ya kale kutoka Arusha au Nairobi, naye atakuja Ijumaa. Mzee anamwambia fundi, "Shona, kisha usage, ung'arishe, mtu asijue palipasuka." Kazi ikifanywa vema, pasiposagwa, bomba litakuwa zima kweli kweli. Basi uongo uko wapi? Nimelifikiri hili kwa muda, na jibu langu latoka kwa mtu ambaye hamo katika mapatano wala hajulikani jina: fundi wa pili. Mshono ulioachwa wazi, pamoja na mabaka yake ya rangi ya majani makavu na buluu yaliyoachwa na moto, ni barua kwake. Humwambia kwamba hapa palipasuka, palishonwa kwa gesi ndani na nje, na ncha ziko pale penye vitone viwili; ukiona ufa mwingine karibu, usihangaike na bomba, tazama injini inavyokaa. Meli kama MV Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961 ikarudi majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa, ina wakaguzi na karatasi za kueleza kilichofanywa. Gari la mzee halina daftari. Ngozi yake ndiyo daftari, na anayeusaga mshono ameichana karatasi hiyo ya pekee, hata kama kila neno lililoandikwa humo lilikuwa la sifa kwake.

Mnunuzi naye ana lake la kujibu. Anataka gari la zaidi ya miaka 50 lisilokuwa na kovu, yaani anataka lisiwe limeishi. Bei yake hupanda kwa kila alama isiyoonekana, na kwa bei hiyo huwafundisha wenye magari kuficha na mafundi kusaga. Akilalamika baadaye kwamba amedanganywa, sitamcheka. Ila nitamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiulipia uongo zaidi ya ukweli.

Limebaki shauri la ujira, ambalo wanafalsafa hulipita upesi na mafundi hawawezi kulipita. Bei hupatanwa kwa mshono: urefu kadhaa, shilingi kadhaa. Ile nusu saa ya chokaa na mafuta ya taa, ya kulala chini na kutikisa injini, ya kumwinamisha mzee aone, haina jina katika mapatano, na atakayeitaja ataambiwa kwamba anatoza fedha kwa kutazama. Wapo wanaoacha kutazama, kwa sababu watoto wao wanakula kama watoto wa wengine. Wapo wanaotazama bure hadi wakachoka. Na wapo mafundi hodari ambao huificha nusu saa hiyo ndani ya bei ya mshono, wakasema gesi imepanda bei, ili wapate kulipwa kwa kazi ya kutafuta ukweli. Na mzee, ambaye angekataa kulipia kutazamwa, huilipia gesi bila kunung'unika.